Aliyepiga Jeki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo ni miezi mitano na siku kumi na moja tangu niondoke Nachingwea. Nimenunua daftari hili dukani kwa Mariamu kwa sababu nimeanza kujisemea peke yangu shambani, na juzi jirani alinisikia akacheka. Bora niongee na karatasi. Shule niliishia kidato cha pili. Mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka.

Nalima hapa Singe, pembeni ya Babati, kwa Mzee Herieli na mkewe Xaveria, ambaye wote tunamwita Mama Veronica. Ni Walutheri, walishuka kutoka Mbulu zamani. Nalala kwenye chumba kilichoshikana na zizi. Tangu Ramadhani ianze, Mama Veronica ananipikia uji wa kufuturu bila mimi kuomba, na akiuleta husema, "Kunywa, mwenzetu unatuombea na sisi." Mimi nakunywa.

Uani kuna gari, lile la mlango wa pembeni wa kuvuta. Lipo juu ya mawe tangu Krismasi. Giaboksi yake imeshushwa na kupelekwa Arusha. Kila asubuhi nikifungua mlango naona miguu ya mtu imetokeza chini ya gari lile, vidole juu. Mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu. Nikitembea hatua tatu nne, haipo.

Naijua. Ni miguu ya Sele, mume wa dada yangu Tunu. Tulimzika mwaka jana.

Jumanne, 4 Machi

Nimelima. Mvua bado.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika jambo hili mara moja, nisije nikarudia.

Nilikuwa gereji moja na Sele miaka sita. Pale tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: aliyepiga jeki ndiye anayeingia wa kwanza chini ya gari. Mtu atakayelala chini ya chuma kile mwenyewe hawezi kukiegemeza ovyo. Hata mwenye gereji aliifuata.

Ijumaa ya tarehe 30 Agosti nilipiga jeki mimi. Sikuweka gogo wala ringi ya kulishikilia gari, maana ilikuwa kazi ya nati moja. Nilikuwa nimeshaoga na kuvaa shati jeupe la msikitini. Nikamwambia Sele, "Shemeji, ingia wewe, mimi nimeshaoga." Akacheka, akasema, "Haya, bwana harusi." Akaingia. Jeki ikateleza.

Watu walipokuja hawakuuliza nani kapiga jeki. Anayekutwa chini ndiye aliyepiga, ndivyo ilivyo kwetu. Mmoja wao akasema, "Sele naye, hata gogo hakuweka." Akanigeukia: "Au siyo, Mustapha?" Nikasema ndiyo.

Neno moja tu. Kwa neno hilo marehemu akawa mzembe, na mimi nikawa mtu wa kupewa pole. Dada yangu akaingia eda, mimi nikaingia basi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaza pampu ya kisima iliyokuwa inavuja. Mzee Herieli alisimama nyuma yangu akitazama ninavyoshika spana.

"Wewe si mkulima."

"Mkulima, mzee."

"Mkulima hapimi uzi wa nati kwa kidole. Umefanya gereji wapi?"

Nikamwambia zamani kidogo, kusini. Akatikisa kichwa akaondoka. Nimefanya ujinga.

Jumatano, 12 Machi

Vumbi. Mahindi hatujapanda. Miguu ipo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, tukiwa Nakwa kuchukua mbegu. Tumerudi tumelowa, Mzee anacheka kama mtoto.

Jioni Tunu kapiga simu. Huwa nampigia mimi, kila mwezi mara moja, naongea haraka. Leo kapiga yeye.

"Kaka, umefuturu?"

"Nimefuturu. Rahma hajambo?"

"Hajambo. Jana kaniuliza baba yake alikufaje. Nimemwambia baba yako alikuwa mzembe."

"Tunu, usimwambie mtoto hivyo."

"Nimwambieje? Mtu ana mke, ana mtoto, anashindwa kusogeza gogo? Kabla ya mfungo walisoma hitma kwa mama yake. Nilikaa jikoni nikakuna nazi mpaka wakamaliza. Siwezi kumwombea, kaka. Nikifungua mdomo moyo unakataa. Mama yake kanitazama kwa jicho baya, mimi nikamtazama hivyo hivyo, maana yeye ndiye aliyemlea hovyo."

Nikamwambia mvua imeanza huku, simu inakatakata. Haikuwa inakatakata.

Jumanne, 18 Machi

Tumepanda.

Jumatano, 19 Machi

Tumepanda. Leo miguu haikutoweka kwa hatua tatu. Nimefika mpaka kwenye tanki la maji ndipo ikaondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimeswali mjini. Watu wananishika mkono, Idi mubaraka, Idi mubaraka. Nimefunga mwezi mzima na uongo mdomoni. Sijui funga hiyo inaitwaje.

Jumamosi, 5 Aprili

Giaboksi imekuja na basi kutoka Arusha, imefungwa kwenye gunia kama mbuzi. Fundi aliyeishusha ni Theophil, jirani yetu, ila wiki iliyopita kaanguka na pikipiki njia ya Bonga, mkono wa kulia umefungwa plasta. Kaja nayo akiwa amepakia gunia kwenye mkokoteni, anausukuma kwa mkono mmoja na tumbo.

"Shikamoo mzee. Mgonjwa wako huyu hapa, kapona. Daktari ndiye kavunjika."

Mzee Herieli akaitikia marahaba, kisha akanyoosha kidole kwangu. "Daktari mwingine yule pale."

"Huyu mtu wa kusini, wa korosho?"

"Huyo huyo. Mama Veronica magoti yamekwisha, hajafika kanisani tangu Krismasi. Pasaka nataka nimpeleke kwa gari. Wiki mbili zinatosha."

Nilitaka kusema sijui kazi hiyo. Mama Veronica alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili ili asimame. Nikasema sawa.

Jumanne, 8 Aprili

Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Mbele yake inavaa duara zito la chuma, tunaliita konveta. Kabla hujaipandisha giaboksi kwenye injini, ni lazima konveta imezwe na giaboksi mpaka mwisho. Unaisukuma huku unaizungusha taratibu, na inazama mara tatu. Kila mara inatoa mlio, kok. Ikizama mara mbili tu, giaboksi ikipanda haikutani na injini, inabaki nafasi ya kidole. Hapo fundi mwenye haraka anakaza bolti ili zivute. Zinavuta kweli, na pampu iliyo ndani inavunjika, na hujui mpaka uwashe.

Tumeiweka juu ya gunia chini ya bati. Nimezungusha asubuhi nzima. Kok. Kok. Ya tatu haikuja.

Theophil akasema, "Mbili zinatosha, bolti zitamalizia."

"Hazimalizii, zinavunja."

"Mzee! Kibarua wako anabishana na fundi!"

"Ana mikono miwili," Mzee akajibu kutoka zizini. "Wewe una mmoja. Msikilize."

Theophil akacheka mpaka akakaa chini. Ni mtu mwema, ila hajui kutulia.

Alhamisi, 10 Aprili

Ya tatu imekuja saa tisa. Nimeisikia tumboni mwangu. Nimefunga ubao kwa kamba mbele ya konveta isije ikatoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua usiku kucha, uani ni tope. Nimepiga jeki. Nimeweka magogo manne, na nyuma ya magogo nimeweka ringi. Theophil akauliza kama tunategemea tetemeko la ardhi. Nikamwambia sheria ya kwetu: aliyepiga jeki anaingia wa kwanza.

"Na akiwa amechoka?"

"Anaingia."

"Na akiwa mnene?"

"Anaingia."

"Hizo sheria za kusini ndiyo maana hamfiki popote. Haya, ingia basi."

Nikalala chali juu ya gunia. Nikavuta mwili hadi kifuani. Hapo nikaona, kwa ndani, mapaja mawili ya suruali ya bluu yamelala sambamba na yangu, karibu kabisa, na yalikuwa yanajisogeza ili kunipisha. Kama anavyofanya mtu wa kazi akikupa nafasi.

Nilitoka. Nimesema tumbo linauma. Nimekaa zizini na ng'ombe mpaka jioni.

Jumapili, 13 Aprili

Kaenda kanisani Mzee peke yake. Mama Veronica kaimba nyumbani, kakaa kitako. Ana sauti nzuri.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sikuingia.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Sikuingia. Theophil kaacha mzaha, ananitazama tu. Hiyo ni mbaya zaidi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeingia. Nimegundua namna: sitazami. Nikitoka mlangoni natazama paa. Nikilala chini ya gari natazama chuma kilicho juu ya pua yangu. Yeye alale anapotaka, mimi namfanya kama jiwe au gogo. Imewezekana.

Giaboksi tumeipandisha kwa jeki ya pili, Mzee anapampu, Theophil anaongoza kwa mdomo, "Kushoto, kushoto, rudi, mtu wa korosho rudi." Ikaingia kwenye pini zake bila kulazimishwa. Nimezungusha konveta kwa kidole, inacheza huru. Ndivyo inavyotakiwa. Nilifurahi. Nimeandika furaha kwa sababu ilikuwepo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, wao hawafanyi kazi. Mimi pia sikufanya. Sikwenda msikitini. Ijumaa siendi tangu ile.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo naandika yote, tangu mwanzo.

Mpaka saa nane tulikuwa tumemaliza. Bolti zote, propela, waya, mabomba ya oili. Kulibaki kulishusha gari, kutia oili na kuwasha. Nilitoa ringi, nikatoa magogo, gari likabaki juu ya jeki peke yake. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikaenda kwenye tanki kunawa. Sikukaa hata dakika mbili.

Niliporudi niliona miguu. Imetokeza palepale inapotokezaga, vidole juu, imejaa tope. Nikafanya nilivyojizoeza. Nikainua macho nikatazama paa. Nikasema moyoni, leo kazi imekwisha, leo utahama. Nikachuchumaa kwenye jeki nikalegeza skrubu.

Gari likashuka.

"We! We! Nipo huku! Musta!"

Sele alikuwa ananiita shemeji. Hakuwahi kuniita Musta. Kwa hilo tu ndipo nilipojua kwamba aliyelala pale alikuwa mtu hai. Nikakaza skrubu, nikaanza kupampu kama mwendawazimu. Mzee Herieli alikuja mbio na gogo, akalisukuma chini ya fremu, na Theophil akatoka akijivuta kwa mkono wake mmoja. Shati lilichanika kifuani na ngozi ilichubuka mstari mrefu. Hakuvunjika. Alikuwa ameingia kuchukua soketi aliyoisahau juu ya krosi memba, kile chuma kinachobeba giaboksi. Sekunde moja tu, alisema.

Alikaa kwenye tope akihema. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Uliniona," akaniambia. "Ulitazama miguu yangu. Nilikuona kwa chini, umesimama, umetazama, ukalegeza."

"Nilikuona."

"Sasa?"

Mzee Herieli naye akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka jibu: "Nani alikuwa kwenye jeki?"

Ni swali ambalo Nachingwea hakuna aliyeniuliza. Labda wangeniuliza ningesema. Labda nisingesema. Leo nikasema, "Mimi." Na neno lile likavuta mengine. Nikawaambia yote nikiwa nimesimama kwenye tope: nati moja, shati jeupe, ingia wewe, na ile ndiyo yangu. Nikawaambia na miguu. Nikamwambia Theophil kwamba nilidhani ni maiti.

Theophil akanyanyuka. Hakunipiga. "Mimi na mkono huu mmoja," akasema, "na wewe unanichanganya na mtu aliyekufa." Akaenda zake kwao, hakuchukua hata spana zake.

Mama Veronica alikuwa amefika, sijui alitembeaje kutoka jikoni. Nilidhani ataniambia Mungu anasamehe, maana kesho ni Pasaka. Akauliza:

"Dada yako mpaka leo anadhani ni mumewe aliyejiua kwa uzembe?"

"Ndiyo, mama."

"Na anamchukia?"

"Anashindwa kumwombea."

Akanitazama usoni. "Sasa wewe chakula changu kinakupitaje kooni?"

Akageuka, akarudi ndani akishika ukuta.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Gari halina oili, hakuna aliyeligusa. Mama Veronica kakaa nyumbani. Chakula wameniletea, wali na nyama. Kilinipita kooni. Nasema kweli.

Jumanne, 22 Aprili

Theophil kaja. "Nimefuata spana zangu," kasema. Kisha akaona chombo cha oili hakijafunguliwa. "Ninyi mmekaa siku tatu mnalitazama?" Akaanza kutoa amri. Tumetia oili, tumewasha, Mzee kakanyaga breki, kapitisha gia zote moja moja taratibu, P mpaka L na kurudi, nami napima kwa kijiti, naongeza, napima. Hakuna mlio mbaya. Hakuna tone lililodondoka.

Akiwa anaondoka Theophil akasema bila kunitazama, "Mimi pia nilikosa. Niliingia na jeki si yangu." Nikamwambia kosa lake ni dogo. Akasema, "Najua ni dogo. La kwako siyo dogo. Usinifanye nikupunguzie."

Jumapili, 27 Aprili

Wameenda kanisani kwa gari. Limetoka uani lenyewe, likabadili gia ya pili pale kona ya mihogo, laini kabisa. Mama Veronica kakaa mbele na kitenge kipya. Hakunipungia mkono.

Nilidhani gari likiondoka Sele naye ataondoka. Palipokuwa na gari pamebaki mawe manne na kipande cha ardhi kavu katikati ya tope. Miguu ipo palepale. Juu yake hakuna gari, na baada ya magoti hakuna mtu. Leo nimeitazama. Nimechuchumaa karibu nikaitazama mpaka macho yakauma. Haikutoweka. Mimi ndiye niliyeondoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Palizi.

Ijumaa, 2 Mei

Palizi. Ningeweza kuondoka tangu juzi. Mzee kaniambia, "Magugu hayakuzuii wewe." Ninaogopa, ndiyo hivyo.

Jumatano, 7 Mei

Mvua inapungua. Mahindi yamefika kiunoni. Mama Veronica kaanza kunisalimia tena, lakini haleti uji. Naufuata mwenyewe jikoni.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga simu saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye kile kipande kilichokuwa kikavu. Sikuanza na salamu, maana nikianza na salamu nakimbia.

"Tunu, Sele hakupiga jeki."

"Kaka?"

"Hakupiga jeki Sele. Nilipiga mimi. Sikuweka gogo. Nikamwambia aingie kwa sababu nilikuwa nimeshavaa. Wakasema ni yeye, nikaitikia."

Nilisikia kuku upande wake. Nilisikia Rahma akimwimbia kitu mtu fulani. Tunu hakulia. Nilisubiri alie.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Alisema nini kabla ya kuingia?"

"Alinitania. Alisema, haya bwana harusi."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, safari hii kweli. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mzigo: "Miezi minane nimemtukana mtu kaburini. Nimemfundisha mtoto wake kumtukana. Wewe ulikuwa unanisikia, unaniambia mvua inanyesha."

"Ndiyo."

"Usiniombe radhi kwenye simu. Sitaki. Utakuja, utakaa mkekani kwa mama yake, utasema hivyo ulivyosema, neno kwa neno, na mimi nitakaa pembeni yake, siyo pembeni yako. Baada ya hapo sijui. Usiniulize baada ya hapo kuna nini."

"Nitakuja."

"Lini?"

Nikamwambia. Akaniambia anaandika ukutani kwa mkaa, nisimfanye afute.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefunga begi. Mzee Herieli kasema Theophil atanifikisha stendi kwa lile gari. Ya kule sijui. Huenda nitapigwa. Huenda watanipeleka polisi, na nikiulizwa huko nitasema vilevile. Huenda Tunu hataniita kaka tena. Nimeshafikiria yote na bado nina tiketi mfukoni.

Kesho Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, naondoka Babati kwenda Dodoma. Jumatano Dar es Salaam. Alhamisi tarehe 15 Mei, kabla ya magharibi, nitakuwa Nachingwea, mlangoni kwa mama yake Sele.